Maua Tele, Matunda Hakuna: Safari Inayokwama Kati ya Ua na Tunda

Swali hili halikauki kwenye makundi ya watu wanaolima uani: "Boga langu limetambaa mpaka ukutani, linachanua kila siku, lakini maua yote yanadondoka. Niweke nini?" Majibu huja haraka. Mmoja anasema ni ugonjwa, mwingine anataja busta ya maua, wa tatu anashauri majivu, wa nne anakumbusha kwamba mpapai usiozaa hupigiliwa msumari. Muulizaji anaondoka na orodha ya vitu vya kununua kwenye duka la pembejeo. Wiki mbili baadaye boga linaanza kuzaa kwa wakati wake, na sifa zote zinakwenda kwa kile alichonunua.

Mara nyingi mmea huo haukuwa na njaa. Kilichokosekana ni safari fupi: unga wa ua moja kufika sehemu ya pili, kwa saa inayotakiwa. Kila mmea una namna yake ya kuisafiri safari hiyo, na ndiyo maana ushauri mmoja kwa mimea yote hauwezi kufaa.

Tuyaweke sawa maneno machache kwanza. Chavua ni ule unga, aghalabu wa njano, unaobaki kidoleni ukigusa katikati ya ua. Huo ni upande wa kiume. Upande wa kike una ncha inayonata, inaitwa stigma, na chini yake kuna kifuko chenye mbegu changa, yaani ovari. Chavua ikitua kwenye stigma, uchavushaji umefanyika. Baada ya hapo kila punje ya chavua huotesha mrija mwembamba unaopenya mpaka kwenye mbegu changa na kuirutubisha. Mbegu zilizorutubishwa ndizo zinazokifanya kifuko kinenepe kiwe tunda. Zikikosa kurutubishwa, mmea hauoni sababu ya kulisha kifuko kitupu, unakiangusha. Mbochi ni yale maji matamu ya ua yanayofuatwa na nyuki, vipepeo na ndege. Wakiyafuata, wanatoka na chavua mwilini.

Kuhusu jinsia, mimea ya uani iko katika makundi matatu. Nyanya, bilinganya, pilipili, bamia na maharage zina pande zote mbili ndani ya ua moja. Boga, tango, tikiti na mahindi zina maua dume na maua jike mbalimbali, lakini kwenye shina moja. Kundi la tatu mti mzima ni dume au jike, na mfano wake maarufu ni mpapai wa kienyeji.

Boga, mlalamikiwa mkuu

Chukua ua la boga ulitazame kwa chini, pale linaposhikana na kikonyo. Ua dume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, na ndani lina kinguzo kimoja kilichopakaa unga. Ua jike lina kikonyo kifupi kinene, na kati ya kikonyo na petali kuna kiboga kidogo kilichokamilika umbo, ukubwa wa gololi au zaidi. Ndani yake hakuna unga. Kuna stigma nene iliyogawanyika mapandemapande, inayong'aa kwa unyevu.

Boga huanza kwa kutoa maua dume, kwa wiki moja au mbili hivi, kabla jike la kwanza halijafunguka. Hata baadaye madume huzidi majike kwa wingi. Kwa hiyo maua ya mwanzo kudondoka yote ni jambo la kawaida kabisa, wala hayaponyeki kwa sababu hayaumwi. Wanaochuma maua na msusa kwa ajili ya mboga wachume dume kwa uhuru, wabakize machache kila asubuhi, na wasiguse lenye kiboga chini yake.

Tatizo la kweli linaonekana pale kiboga chenyewe kinapogeuka njano kuanzia nchani, kinalainika, kisha kinaoza na kuanguka siku chache baada ya ua kufunga. Hapo jike lilifunguka likafunga bila chavua ya kutosha. Ua la boga hufunguka alfajiri na kuanza kunywea saa nne au saa tano asubuhi, na halifunguki tena. Nyuki wasipopita katika saa hizo, au mvua ikinyesha asubuhi nzima wasitoke, nafasi imepotea.

Kazi hiyo unaweza kuifanya kwa mkono. Toka kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Chuma ua dume lililofunguka siku hiyohiyo, menya petali zote ubaki na kinguzo chenye unga, kisha kipake taratibu kwenye kila pande la stigma ya ua jike. Ua dume moja linatosha majike mawili au matatu. Usipake upande mmoja tu, maana tunda linanenepa pale penye mbegu zilizorutubishwa. Tikiti au tango lililopinda, nene upande mmoja na jembamba upande mwingine, mara nyingi ni tunda lililopata chavua kidogo. Tikiti moja huhitaji mamia ya punje za chavua ili liumbike sawasawa, na ua lake huhitaji kutembelewa na nyuki mara kadhaa asubuhi hiyo moja. Kwa matango, soma pakiti ya mbegu: zipo aina za kisasa zinazozaa bila kuchavushwa kabisa, na hizo hazihitaji kazi yako.

Kuna kosa moja la mbolea ambalo ni la kweli, nalo ni kuzidisha nitrojeni. Boga lililomwagiwa samadi nyingi ya kuku au urea huota majani mapana ya kijani kibichi na kuchelewa kutoa majike. Ukiona majani kama mwavuli bila hata kiboga kimoja, acha kuongeza chochote. Mwagilia tu na usubiri.

Nyanya inataka kutikiswa

Ua la nyanya lina kila kitu ndani yake, ila chavua yake imefungiwa ndani ya vijifuko vyenye tundu dogo nchani. Haitoki mpaka itikiswe. Upepo unatosha kwa nyanya zilizo nje. Wapo pia nyuki wanaoliganda ua, wakatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, mpaka unga ukawamwagikia tumboni. Unausikia mlio wao ukiwa umesimama karibu. Nyuki seremala, yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu, ni fundi wa kazi hiyo. Nyuki wa asali hawezi.

Nyanya zilizo kwenye kibaraza kilichozungukwa na kuta, au chini ya wavu, hukosa vyote viwili. Gonga kijiti cha kuegemezea shina kwa kidole, mara tatu au nne, kila siku kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, unga ukiwa mkavu. Bilinganya na pilipili hoho nazo hufaidika.

Lakini joto nalo lina mamlaka yake. Mchana ukizidi nyuzi 32 au zaidi na usiku usiposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, chavua ya nyanya hudhoofika na ua huanguka hata ukitikisa vipi. Ndiyo sababu nyanya ya Dar es Salaam au Mombasa inayochanua mwezi wa Februari hukatisha tamaa, na mbegu ileile ikioteshwa ichanue Juni au Julai inabeba vizuri. Kwa mtu wa pwani, kalenda ni muhimu kuliko chupa yoyote ya busta.

Mahindi yanachavushwa na upepo, kutoka shada la kileleni kwenda kwenye nywele za gunzi, na kila unywele ni wa punje moja. Mapengo kwenye gunzi ni nywele ambazo hazikupata chavua. Mashina kumi na sita yaliyopandwa mraba, minne kwa minne, hubeba vizuri kuliko kumi na sita yaliyopangwa mstari mmoja kando ya ukuta.

Mpapai dume na msumari

Hapa ndipo uvumi ulipozidi. Mpapai unaweza kuwa dume, jike, au wa jinsia mbili. Dume hutoa maua madogo mengi yaliyoning'inia kwenye mashada ya vikonyo virefu. Jike hutoa ua kubwa lililobanana na shina, lenye kitako cha mviringo. Ule wa jinsia mbili hutoa ua la kati, refu jembamba, na matunda yake pia huwa marefu kuliko ya jike. Jinsia hii imeamuliwa tangu kwenye mbegu. Msumari hauibadilishi, wala kufunga kamba, wala kupandikiza kichwa chini.

Basi kwa nini watu waaminifu kabisa husema waliona msumari ukifanya kazi? Kwa sababu mpapai dume wenyewe, msimu ukibadilika au mti ukipata misukosuko, wakati mwingine hutoa maua machache ya jinsia mbili kwenye ncha za vile vikonyo. Matunda yake hutambulika: yananing'inia mbali na shina, na kwa kawaida ni madogo. Aliyepigilia msumari mwezi uliotangulia ataona ni kazi yake. Alichokiacha kwa hakika ni jeraha, na shina la mpapai ni laini, huoza kwa urahisi kuanzia kwenye jeraha.

Njia inayofaa ni hii. Panda miche mitatu au minne kwenye shimo moja, ikiachana kidogo. Subiri ichanue, kwa kawaida miezi minne hadi sita tangu kupandwa. Kagua maua, ubakize jike moja au wa jinsia mbili, na madume uyakate. Kama una majike matupu, bakiza dume moja kwa kila majike kumi hivi. Kwenye mtaa wenye mipapai ya majirani, dume lao linaweza kukutosha. Ukitaka kupunguza kubahatisha, chukua mbegu kwenye tunda la mti wa jinsia mbili uliozungukwa na miti ya aina hiyohiyo: watoto wake hawatoki dume, karibu theluthi mbili huwa wa jinsia mbili na theluthi moja majike.

Na msafirishaji wake? Watafiti waliofuatilia jambo hili nchini Kenya walikuta kazi kubwa inafanywa na nondo wenye mabawa membamba na ulimi mrefu, wanaozunguka maua wakati wa magharibi wakiwa wananing'inia hewani. Baadhi yao, walipokuwa viwavi, walikuwa wale wakubwa wenye pembe moja mkiani wanaokula majani ya viazi vitamu. Mwenye shamba dogo la viazi anayewaponda wote anapaswa kujua kwamba anaponda pia wachavushaji wa mpapai wake. Kwa viazi vichache vya uani, kuwaacha viwavi wachache ni gharama ndogo sana.

Pasheni mbili, tabia mbili

Pasheni, wengine huita karakara, imewachanganya wengi kwa sababu aina mbili zinapewa jina moja. Ile ya zambarau, inayopenda nyanda za juu zenye baridi, hujichavusha kwa chavua ya shina lake. Ile ya njano, inayostawi pwani na kwenye joto, hukataa chavua yake yenyewe. Shina moja la pasheni ya njano, hata lijaze ukuta mzima kwa maua, laweza kumaliza mwaka bila tunda. Ukichukua kipande chake ukakipandikiza kando, hujaongeza kitu, kwa sababu ni mmea uleule. Panda miche miwili au mitatu iliyotokana na mbegu mbalimbali, au tafuta kipande kwenye shina la mtu mwingine.

Saa zake pia hazifanani. Ua la zambarau hufunguka alfajiri na kufunga karibu na adhuhuri. La njano hufunguka mchana, saa sita au saa saba, na kufunga usiku. Ukienda kulichavusha saa moja asubuhi, utakuta limefungwa. Kwa mkono, tumia brashi ndogo au kidole saa nane mchana: chukua unga wa mmea mmoja, upake kwenye zile ncha tatu za juu kabisa za ua la mmea mwingine. Msafirishaji wake wa asili ni yuleyule nyuki seremala. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua hili. Hukusanya chavua bila kuzigusa ncha zile, na wakija wengi huimaliza kabla seremala hajafika.

Anayeona kuchavusha kwa mkono ni mchezo wa watu wasio na kazi akumbuke vanila. Nje ya kwao Meksiko na Marekani ya Kati ilichanua miaka mingi bila mavuno ya maana, mpaka mwaka 1841, kisiwani Réunion, Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12, alipoonyesha namna ya kuinua kile kijingozi ndani ya ua kwa kijiti na kusukuma chavua kwa kidole gumba. Wakulima wa Bukoba, Uganda, Komoro na Madagaska wanaifanya kazi hiyo mpaka leo, ua kwa ua, asubuhi moja tu kwa kila ua.

Parachichi: je, lazima miti miwili?

Ua la mparachichi hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni jike, linafunga, kisha kesho yake linafunguka tena likiwa dume. Aina ya Hass ni jike asubuhi, na siku ya pili mchana ni dume. Fuerte ni kinyume: jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Ni kama walinzi wa zamu mbili wanaopishana langoni, na ukichanganya Hass na Fuerte, wa zamu hii anamkuta wa zamu ile. Hata hivyo si lazima uwe na miwili. Siku za baridi zamu huchelewa na kuingiliana ndani ya mti uleule, kwa hiyo Hass peke yake huzaa, ila huzaa zaidi ikiwa na mwenzake karibu, wa kwako au wa jirani. Usishtuke ukiona maua yamefunika ardhi: mparachichi hutoa maua mengi ajabu, na chini ya ua moja katika kila mia hufika kuwa tunda.

Kama mti haujachanua kabisa, hilo ni swali jingine. Ulioteshwa kwa kokwa huweza kuchukua miaka mitano hadi minane au zaidi. Uliobebeshwa huanza kwenye miaka mitatu au minne.

Kuwaita wageni

Wachavushaji hawaji kwa mapambo. Bogonvilia inapendeza lakini rangi ile ni ya majani, maua yenyewe ni vijiti vidogo vyeupe katikati. Waridi lenye petali zilizojazana nalo huwa limezifungia chavua ndani. Kinachowavuta ni mrehani na kivumbasi vilivyoachwa vichanue, alizeti, kunde, mbaazi, na giligilani au kitunguu kilichokuzidi jikoni ukakiacha kitoe maua. Panga angalau aina mbili au tatu zichanue kwa zamu, maana nyuki akikosa chakula mwezi mzima anahama mtaa. Mshubiri, ile alovera ya kwenye ndoo, ukitoa mkono wa maua huleta chozi, ndege mdogo wa rangi za kumetameta mwenye mdomo uliopinda, ambaye pia hulisha makinda yake wadudu na buibui wa uani kwako.

Weka sahani pana ya maji yenye kokoto zinazochomoza, nyuki wapate pa kusimama wasizame. Yamwage na kuyabadilisha kila siku mbili, usije ukafuga mbu.

Hofu ya kuumwa ina sababu, lakini si kwa wote. Nyuki wadogo, wale weusi wadogo kuliko nzi wanaokaa kwenye tundu la ukuta na kujenga kimrija cha nta mlangoni, hawana mwiba unaouma. Usizibe tundu lao. Nyuki seremala jike anao mwiba lakini huutumia akikamatwa mkononi. Yule anayekuzunguka kichwani kwa kelele ni dume akilinda eneo, naye hana mwiba kabisa. Anayetoboa boriti zako mpe gogo kavu la mti mwepesi, nene kama paja, liegemee kivulini, kisha boriti uzipake rangi, kwa kuwa hapendi mbao iliyopakwa. Nyuki wa asali ndio wa kuheshimu: usiweke mzinga kwenye ua mdogo wenye watoto na mbuzi waliofungwa. Kundi lao likitua kwenye tawi kama shada, kwa kawaida linapumzika tu na huondoka baada ya siku moja au chache. Usilipulizie dawa wala moshi. Likiingia darini, mwite mfugaji nyuki.

Dawa za wadudu ndizo zinazoharibu haya yote. Zile zinazosambaa ndani ya mmea, imidaklopridi ikiwemo, hufika mpaka kwenye chavua na mbochi, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya mwaka 2018 ulipiga marufuku kutumia tatu kati yake, pamoja na hiyo imidaklopridi, nje ya majengo yaliyofunikwa. Dawa za unga nazo hung'ang'ania manyoya ya nyuki akazibeba mpaka kwenye mzinga. Kwenye bustani ndogo, vidukari huondoka kwa maji ya sabuni na mkono wako. Ukilazimika kupuliza, hata kama ni maji ya mwarobaini, puliza boga, tango na tikiti jioni, maua yakiwa yamekwisha kufunga. Kwa pasheni ya njano ni kinyume, kwa kuwa jioni maua yake bado yako wazi na seremala yuko kazini; hiyo ipulize alfajiri, dawa ikauke kabla ya adhuhuri.